Chuma cha utotoni, maumivu ya ukubwani

SWALI: Mwaka 1985, nikiwa na umri wa miaka 13, nilifanyiwa upasuaji na kuwekewa chuma kirefu mgongoni, kwa kuwa uti wa mgongo ulikuwa umepinda upande. Miaka mingi ilipita bila usumbufu. Siku hizi kiuno kinaniuma, na ikifika jioni najikuta nimeinama mbele. Nikiosha vyombo, siwezi kusimama wima bila kukunja magoti. Daktari aliitazama eksirei akasema chuma hakijavunjika wala kusogea. Je, niombe kitolewe?

JIBU: Dada yetu, shaka yangu haiko kwenye chuma, bali kwenye pingili zilizo chini yake. Kazi ya chuma ilikuwa kuushikilia mgongo wakati pingili, zikiwekewa vipande vya mfupa ambavyo aghalabu huchukuliwa kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe, zinaungana na kuwa mfupa mmoja. Zikishaungana vizuri, kukitoa hakuurudishii mgongo unyumbufu wake. Pingili chache zilizobaki huru ndizo hubeba kila kuinama na kugeuka, na diski zake, yaani vile vijito laini vilivyo kati ya pingili na pingili, huweza kuchakaa mapema.

Habari ya magoti ndiyo iliyonivuta zaidi katika barua yako. Vyuma vya zamani, kama vile alivyovieleza daktari Paul Harrington wa Houston, Marekani, mwaka 1962, vilinyoosha mgongo kwa kuuvuta kwa urefu, na vilipofika chini kiunoni viliweza kuufuta ule mbonyeo wa asili unaotuwezesha kusimama bila kuchoka. Ujanani nyonga na magoti hufidia upungufu huo. Misuli ikidhoofika na diski za chini zikisinyaa, mwili huelemea mbele. Daktari wako alisema kweli kuhusu chuma, ila chuma kizima si ushahidi kwamba mgongo hauna tatizo.

Omba eksirei ndefu, ya mbele na ya ubavuni, inayoonyesha kuanzia shingo hadi nyonga, ukiwa umesimama na magoti umeyanyoosha, kwa maana ukiyakunja tatizo litajificha. Ukilipata jalada la upasuaji wako, ingawa majalada ya zamani hivyo hupotea sana, lipeleke kwa daktari bingwa wa uti wa mgongo. Wakati huo mtaalamu wa fiziotherapia akusaidie kuimarisha misuli ya makalio na tumbo na kulegeza mapaja. Upasuaji wa kurekebisha mkao upo, lakini ni mzito na hauamuliwi kwa haraka. Siku ukihitaji ganzi ya mgongoni kwa sababu yoyote, mjulishe mtaalamu wa usingizi mapema, kwani sindano huenda isipate njia palipoungana.

Hata hivyo, miguu ikianza kukosa nguvu, ukifa ganzi sehemu za siri, ukishindwa kuzuia haja, au mkojo ukikataa kutoka, usingoje miadi: nenda hospitali saa hiyo hiyo.