Kwa mnaoanza kazi kanda ya ziwa: tumbo likivimba, msitaje kichocho peke yake

Wadogo zangu manesi, matabibu na watu wa maabara mnaoripoti vituoni Mwanza, karibuni sana. Kabla hujamgusa mgonjwa, hakikisha umechanjwa homa ya ini B. Wengine mtasema mlichanjwa utotoni, kwa kuwa chanjo hii iliingia kwenye ratiba ya watoto nchini mwaka 2002. Sawa, kadi iko wapi? Kama haipo, pima, kisha uanze dozi zako 3: ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu mwezi wa 6. Zamu zikibana, usiachie njiani.

Chuoni tunaogopeshwa sana VVU. Ukichomwa na sindano yenye damu ya mwenye VVU, uwezekano wa kuambukizwa ni kama 3 kwa 1,000. Kwa homa ya ini B, kama hujachanjwa, ni kati ya 6 na 30 kwa 100, kutegemea wingi wa virusi vya mgonjwa. Tena virusi hivi huweza kuishi kwenye damu iliyokauka mezani kwa siku 7. Kwa hiyo usirudishie kifuniko cha sindano, na sefti boksi, yaani boksi la kutupia sindano zilizotumika, iwe karibu na mkono wako, isiwe mlangoni. Ukichomwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, na utoe taarifa zamu hiyohiyo.

Sasa tumbo. Huku mvuvi wa Ukerewe au Sengerema akija na tumbo limejaa, jibu liko tayari mdomoni: kichocho. Mara nyingi ni kweli. Mayai ya kichocho cha tumbo huziba mishipa inayopeleka damu kwenye ini, bandama linakua, mgonjwa anaweza hata kutapika damu. Ila chembe za ini huendelea kufanya kazi kwa muda mrefu. Homa ya ini B huharibu chembe zenyewe. Kovu juu ya kovu, ini linasinyaa, halafu yanakuja manjano, maji tumboni na kuchanganyikiwa.

Basi mpeleke mgonjwa dirishani umtazame weupe wa macho. Taa ya wodini huficha manjano. Mlaze chali, gonga tumbo kuanzia kitovuni kwenda ubavuni mpaka mlio uwe mzito. Acha kidole palepale, mgeuze upande wa pili, subiri kidogo, gonga tena. Uzito ukihama, hayo ni maji. Na hata maabara wakileta jibu la mayai ya kichocho kwenye choo, bado omba kipimo cha B. Mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, na prazikwanteli, dawa ya kichocho, haigusi virusi.

Msisubiri maji pia. Virusi hivi huweza kuleta saratani hata kwenye ini lisilo na makovu, na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa mahindi na karanga, huongeza hatari. Kijana anayekonda na kulalamika maumivu chini ya mbavu za kulia anahitaji altrasaundi, si vidonge vya tumbo.

Kutoa majibu ndiyo kazi ngumu. Atakuambia haumwi popote, na atauliza kama atengewe sahani. Mwambie wazi: kula pamoja na kushikana mikono hakuambukizi, wembe, mswaki, damu na ngono bila kinga ndiyo njia. Si kila mwenye virusi huanzishiwa dawa. Anayepewa tenofovia ajue kwamba inavizuia virusi visizaliane, na kuiacha ghafla kunaweza kuulipua ugonjwa. Wavuvi tunawapoteza hapa: anajisikia mzima, anakwenda kambini visiwani na vidonge vya mwezi mmoja, anakaa miezi mitatu. Muulize anarudi lini kabla hujaandika dawa. Inaniuma sana kumpokea mtu huyo baadaye akiwa hajitambui.

Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili huviondoa virusi wenyewe. Kwa mtoto mchanga, takriban 9 kati ya 10 hubaki navyo, na huenda akaonesha dalili akiwa mzazi tayari. Kwa hiyo ukimkuta mmoja, siku hiyohiyo ulizia mke au mume, watoto na mama yake. Wote wapimwe, wasio na virusi wala kinga waanze chanjo. Mama mjamzito mwenye virusi mpeleke kwa daktari mapema, apimwe wingi wa virusi kabla ya wiki ya 28.