Bingwa alivyopatikana ligi ya hoki ya barafuni ilipoanza

Mkuu, umeuliza ligi ya zamani ya hoki ya barafuni kule Kanada ilimpataje bingwa bila msimamo wa pointi. Ni kama mkanda wa ndondi. AHAC, ligi ya ridhaa iliyoundwa Montreal Desemba 1886, ilianza na klabu tano, na kwa misimu mingi ya mwanzo mwenye taji alikaa akisubiri wa kumpa changamoto. Ukimfunga, taji lako.

Kasheshe ilikuja 1892. Ottawa walishika taji tangu Januari, wakamchapa kila aliyewafuata. Machi 7, mechi ya mwisho, Montreal HC wakawafunga 1-0 na ubingwa ukaondoka hivyohivyo. Hata mimi ningenuna! Msimu uliofuata ikawa kila timu inakutana na kila timu, na Montreal haohao wakapewa Kombe la Stanley, kombe kubwa la hoki ya barafuni, likitolewa kwa mara ya kwanza.

Na usiwazie hoki ya leo: wachezaji saba kila upande, pasi ya mbele marufuku, goli ni miti miwili bila nyavu, mwamuzi wa goli kasimama nyuma yake, palepale kwenye barafu, akikodoa macho.