Umepewa uadmini wa grupu? Jifunze wakati wa kufunga mjadala

Nina magrupu matatu ya WhatsApp mkononi: la ukoo, la wazazi wa darasa na la mtaa. Wewe uliyepewa uadmini juzi, kuongeza namba utakuzoea kwa siku moja. Kinachosumbua ni kujua lini ufunge watu wasiandike.

Tangu 2018 admini anaweza kuweka grupu wakaandika maadmini peke yao. Watu wakiona limefungwa hudhani kuna ugomvi, kumbe mara nyingi ni orodha ya michango tu. Kila aliyetoa ananakili orodha yote, anaongeza jina lake chini, anairudisha. Wawili wakinakili kwa pamoja, jina la mmoja linapotea, na aliyetoa elfu hamsini anaanza kuuliza hela yake imekwenda wapi, tena msibani. Hapo funga upesi. Mweka hazina alinganishe na meseji za miamala, abandike orodha moja, ndipo ufungue. Nimeona ndugu wakinuniana mwaka mzima kwa sababu ya jina la kumi na saba kuruka.

Habari isiyo na mwenyewe nayo usiichekee. Mgonjwa yuko wodini, tayari mtu kaandika "apumzike kwa amani". Funga, kisha piga simu nyumbani kwao. Kwa Tanzania kuna pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015: kifungu cha 16 kinamgusa anayechapisha habari akijua ni ya uongo, kwa nia ya kupotosha umma.

Simba na Yanga waache wataniane. Hadi asubuhi wamechoka wenyewe. Ila mtu akianza kutajiwa kabila lake au mama yake, utani umekwisha.

Kosa langu kubwa nililifanya kwenye grupu la wazazi. Tulikuwa tunabishana kuhusu nauli ya ziara ya watoto. Nikaandika hoja yangu, ndefu kweli, nikafunga. Nikajiona nimetuliza mambo. Kesho yake wazazi saba walikuwa wameshaleft, na grupu jingine limeundwa bila mimi. Walikuwa na haki: nilijipa neno la mwisho kisha nikawaziba midomo. Siku hizi nikiwa upande mmoja wa ubishi, namwomba admini mwenzangu afunge yeye.

Na usifunge kimya kimya. Andika sababu, saa ya kufungua na wa kumfuata: "Nafunga hadi saa mbili usiku tupate orodha sahihi. Mwenye swali amfuate mweka hazina inbox."

Ukisema saa mbili, weka alamu. Niliwahi kupitiwa na usingizi grupu la msiba likiwa limefungwa, admini mwenzangu yuko safarini. Mazishi yalisogezwa kutoka saa nane hadi saa kumi, na aliyejua hakuwa na pa kuandika.