Ukirithi Ng'ombe, Anza Kuhesabu Nyasi

Ng'ombe wa familia yetu hapa Kajiado walitoka kwa babu wakaja kwa baba, na sasa wanasimamiwa na sisi watoto. Kijana anayejiandaa kupokea ranchi ya nyumbani ningemwomba aelewe mapema kwamba urithi wenyewe ni malisho. Ng'ombe mwenye kilo 400 huhitaji takriban kilo 10 za nyasi kavu kila siku, na huzihitaji mwezi wa Septemba sawasawa na anavyozihitaji Mei. Ndiyo maana idadi ya mifugo inafaa kuamuliwa masika yanapokatika, kwa kutembea shambani na kukadiria nyasi zilizosimama ambazo zitawafikisha kwenye mvua za Oktoba au Novemba, badala ya kuamuliwa wakati kila mahali ni kijani na kila ndama anapendeza.

Hapo ndipo wazee na vijana huvutana, na naamini pande zote mbili zina haki. Kwa mzee, ng'ombe ana jina, ana ukoo, na pengine alitolewa na rafiki au mkwe. Kumwuza ni kugusa uhusiano wa watu. Usimjie na orodha ya bei. Keti naye zizini jioni mifugo inaporudi, umwulize mama wa huyu alikuwa nani, alizaa mara ngapi, na ni uzao upi uliovuka ukame wa 1984 na ule wa 2009, kisha uyaandike majibu yake katika daftari pamoja na tarehe za kuzaa na za matibabu. Kumbukumbu hiyo ni mali ambayo hakuna mnada utakaokuuzia, na mzee akifariki kabla haijaandikwa, imepotea. Ukiwa nayo, kuuza kunakuwa rahisi hata kwake: watangulie maksai, wafuate majike wazee na wale wasioshika mimba, na koo zilizothibitika kustahimili njaa zibaki.

Uza Juni, ng'ombe wakiwa na miili. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua zilishindwa misimu mitano mfululizo, na wafugaji waliosubiri walipeleka sokoni mifugo iliyokonda siku ambazo kila mtu anauza, huku bei ya mahindi ikipanda.

Wazee wetu walikuwa na olopololi, yaani eneo karibu na boma linalofungwa mvua zinapoanza na kuachiwa ndama, wagonjwa na majike wanaonyonyesha wakati wa kiangazi. Litunzeni, na mkiweza mlipanue, kwa maana nyasi zisizopewa nafasi ya kutoa mbegu hazirudi. Pale ambapo udongo umebaki wazi, mashimo ya nusu duara yanayozuia maji ya mvua, kama yale yaliyochimbwa katika eneo la Kuku karibu na vilima vya Chyulu, husaidia nyasi kuota tena. Kuhusu ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, sina mengi: ndama wachanjwe, na kuogesha dhidi ya kupe kuendelee.

Ardhi inahitaji moyo mpana zaidi. Ranchi za vikundi, yaani ardhi iliyomilikiwa kwa pamoja na familia nyingi, zilizoundwa chini ya sheria ya 1968 zimegawanywa sehemu nyingi za kaunti hii, na aliyekuwa akihamisha mifugo kufuata mvua sasa ana kipande chenye ua. Familia ikikigawa tena kipande hicho kwa kila mtoto, hakuna atakayefuga. Ushauri wangu ni kwamba haki ya kila mmoja iandikwe kisheria, lakini malisho yachungwe kwa pamoja, na kikao kinachokubaliana hayo kiwe na mabinti na wajane pia, kwani Katiba ya 2010 inakataa ubaguzi wa kijinsia katika mila zinazohusu ardhi.

Makabidhiano nayo yafanyike mzee akiwa na nguvu. Baba alianza kwa kumwachia dada yangu uamuzi wa maksai peke yao: lini wauzwe, wapi, na fedha zitumikeje. Baada ya misimu kadhaa alimwongezea mitamba, na hadi leo kabla ya jike lolote kutoka zizini wawili hao hulifungua daftari pamoja.