Je, nitalala nitoboe siri?

SWALI: Shangazi, nauza samaki Dunga, Kisumu. Tangu mashua ituyumbishe, nikiona mawimbi moyo unaenda mbio. Nimeshauriwa tiba ya hipnosisi. Nitalala nitoboe siri zangu?

JIBU: Hutalala, binti yangu. Daktari Mskoti James Braid, aliyelieneza jina hilo miaka ya 1840, alilitoa kwenye neno la Kigiriki la usingizi, basi tukapotoka. Utakaa kitini, macho umefumba, ukifuata sauti ya mtaalamu hadi akili itulie mahali pamoja, kama unavyopara ngege ukasahau makelele ya soko. Bodaboda nje utaisikia. Ndipo mtaalamu atakuongoza uione mashua akilini, polepole, mwili umelegea. Siri zitabaki zako; ukitaka kuinuka, unainuka. Si wote huzama sawa katika utulivu huo (mimi nilizama nusu tu). Muulize kwanza amesomea wapi. Akikuahidi kupona siku moja, beba kikapu chako uondoke.