Oliveira hakuonewa

Mhariri, wiki hii mmeuliza: bingwa akizidi uzito kidogo tu kabla ya kutetea mkanda, aadhibiwe au asamehewe? Mimi nasema aadhibiwe, ila hasira zangu nyingi nazipeleka kwa waliopanga saa ya kupima.

Hapa Ngamiani ubishi huu haujaisha tangu Mei 2022, alipoharibikiwa Charles Oliveira, bingwa wa uzito mwepesi wa UFC, ligi ya Marekani ya mapigano mchanganyiko. Uzito mwepesi wa UFC unakomea ratili 155, yaani kilo 70.3. Oliveira akapanda mzani, ukasoma 155.5. Nusu ratili! Haifiki hata robo ya sukari. Pambano la kawaida lina ruhusa ya ratili moja juu, la ubingwa halina; akavuliwa mkanda. Siku ya pili akampiga mpinzani wake, Justin Gaethje, kabali ya nyuma raundi ya kwanza, akashuka mshindi asiye na mkanda.

Vijana wa maskani wanasema kaonewa. Kaonewa na nani? Gaethje alifika kwenye uzito. Na yeyote aliyewahi kujikausha, yaani kutoa maji mwilini ili kushusha uzito, atakwambia kwamba maji ya mwisho ndiyo yanayotesa: jasho limegoma, mate hakuna, kichwa kinazunguka. Anayeishia njiani amejipunguzia mateso ambayo mpinzani wake ameyamaliza. Hiyo ni faida, hata kama mzani unaiita nusu ratili.

Sasa hiyo saa. Uzito unapimwa siku moja kabla, kisha mtu anakunywa, anakula, anaingia ulingoni na kilo kadhaa za ziada, wala hakuna anayemuuliza. Ndiyo maana wanajikausha kupita kiasi. Khabib Nurmagomedov, bingwa wa zamani wa uzito huohuo wa UFC aliyestaafu 2020 bila kupoteza hata pambano moja kati ya 29, Machi 2017 alikimbizwa hospitali akipunguza uzito, na pambano lake na Tony Ferguson likafutwa. Yeye alipona. Yang Jian Bing wa China, mpiganaji wa uzito mdogo, alifariki Manila Desemba 2015 akijiandaa kupima kwa ajili ya pambano la ONE, shirika la mapigano la Asia.

Baada ya msiba huo ONE walipiga marufuku kujikausha, wakaanza kupima mkojo kuona kama mwili una maji ya kutosha, na uzito mwepesi wao leo unafika kilo 77.1, juu ya ule wa UFC, kwa kuwa mtu hupimwa akiwa na maji yake. Mimi naunga mkono mfumo huo, na ningependa uanze kwenye ngumi zetu hapa Tanga. Najua mapromota watalia gharama. Wapunguze mabango.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga