Peoni yangu haitoi maua: maswali na majibu

Shikamoo Bibi. Nina peoni, lile ua la nchi za baridi, hapa Minneapolis, mwaka wa tatu huu. Majani tele, ua hata moja. Nimekosea wapi?

Marahaba mwanangu. Nashuku umeifukia mno. Fukua pole pole kwa vidole pembeni mwa shina, utakuta macho mekundu juu ya mzizi, kama yale ya viazi. Hayo yasizidi sentimita 3 hadi 5 chini ya udongo. Yakizama zaidi, mmea hustawi majani tu. Ukiona yako chini sana, rudishia udongo usubiri Septemba, ndipo uung'oe na kuupanda juu kidogo. Mwaka unaofuata unaweza kususa. Uache ususe.

Tazama na jua pia: chini ya muda wa saa sita kwa siku, usitegemee maua. Na samadi usiimwage kama unapanda mchicha, maana naitrojeni ikizidi ni majani yale yale.

Matumba yamejaa sisimizi. Nipige dawa? (Toronto)

Dawa ya nini? Tumba la peoni hutoa utamu kwenye vijani vinavyolifunika, nao wanakuja kulamba. Ua hawalitafuni. Utasikia pia kwamba bila sisimizi tumba halifunguki. Hiyo ni porojo. Ukitaka maua ya mezani, kata tumba likiwa limeanza kuonyesha rangi na ukilibonyeza ni laini, kisha likung'ute hapo hapo nje.

Bibi, matumba yanakuwa meusi na kukauka kabla ya kufunguka. (Hamburg)

Huo ni ukungu, botraitisi, hasa baada ya mvua nyingi. Kata yaliyooza, mwagilia chini kwenye udongo, si juu ya majani, na mmea na mmea viachane mita moja hivi upepo upite. Majani yakianza kupukutika, kata mashina yote karibu na ardhi uyatupe. Usiyatie kwenye mboji, utaurudisha ugonjwa mwakani. Ila kama yako ni ile peoni ya mti, yenye matawi magumu, panga weka chini: hiyo haikatwi hivyo.

Huku Njombe umande unaganda. Shemeji yangu aje na mzizi kutoka Uholanzi?

Mwache shemeji apumzike. Baridi ya Njombe ni ya usiku, jua likichomoza imekwisha. Peoni inataka wiki nyingi mfululizo za baridi kali ndipo macho yaamke. Tena kuingiza mmea nchini kunahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea. Panda dalia, Njombe inaipenda.

Nianze na aina gani? (Oslo)

Sarah Bernhardt, ya rangi ya waridi, iliyotolewa Ufaransa mwaka 1906 na bado inauzwa kila mahali. Ubaya wake ni uzito: mvua moja tu, maua yote yako matopeni. Weka pete ya waya mapema, mmea ukiwa bado haujafika gotini.